Hiroshima kwa Treni za Polepole

Jumatatu, 17 Machi

Chinatsu kapiga simu, kaongea kwanza na Mama, mke wangu. Jumapili hii tunakutana na wakwe, Hiroshima, saa tano kamili asubuhi. Binti yetu wa pekee anaolewa na kijana anaitwa Ryosuke Okinaka, fundi wa miwani. Sina neno naye. Tatizo ni bibi yake, miaka themanini na sita, asiyetoka nyumbani bila kuangalia kalenda ya siku njema na siku mbaya. Jumapili, kasema bibi, ni siku ya wanaowahi. Asubuhi heri, ikishapiga saa sita mchana ni nuksi tupu. Mazungumzo yasipofunguliwa kabla ya saa sita, hayafunguliwi kabisa mpaka atakapoona siku nyingine. Na bibi huyu si mwepesi wa kuona.

Kisha Chinatsu akataka kusema na mimi mwenyewe. Baba, nakuomba, mara hii tu usije na mipango yako, panda treni ya mwendokasi kama watu wengine. Akanikumbusha mahafali yake kule Kanazawa, nilipofika viti vinakunjwa. Nikamwambia ile ilikuwa theluji. Akasema theluji hiyo mbona haikuwapata wazazi wa wenzake. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nimeumia, lakini nimeamua kumwonyesha. Nitafika kabla ya wote, na kwa bei ya chini kuliko wote. Nagoya, Kyoto, Himeji, Hiroshima, treni za kawaida mwanzo mwisho, mimi na Mama bega kwa bega. Tangu nistaafu kiwanda cha piano hatujatoka Hamamatsu hata kwenda kuogelea. Bado sijamwambia.

Jumanne, 18 Machi

Nimenunua tiketi ya siku tano. Treni zote za polepole, nchi nzima, panda shuka upendavyo. Enzi zetu tiketi hii mtu na mwenzake waligawana: mhuri wako, mhuri wangu. Kwa hiyo nimenunua moja. Hesabu ya siku ningeipanga njiani.

Mama kaigeuza, kasoma nyuma. Siku hizi ni mtu mmoja tu, siku tano mfululizo, hakuna kugawana. Nilisoma na mimi. Nikavaa miwani, nikasoma tena. Wamebadilisha lini? Nani aliulizwa?

Jambo lililonichanganya ni kwamba Mama hakukasirika. Aliosha vyombo akiimba. Kumbe mdogo wake, Shemeji Teruyoshi, alishamkatia kiti cha mwendokasi cha Jumapili alfajiri, dirishani, wakae pamoja. Alishakata tangu jana, kabla hata sijanunua yangu. Kwa hiyo walijua.

Teruyoshi mwenyewe alipita jioni na boksi la stroberi. Ana maduka mawili ya matairi na skafu shingoni ndani ya nyumba. Akauliza, eti shemeji, hiyo treni utakuwa unaipanda au unaisukuma? Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikamjibu mwenda pole hajikwai. Nikala stroberi zake kumi na moja kwa hasira.

Jumatano, 19 Machi

Hoteli. Hiroshima mjini Jumamosi kumejaa, na palipobaki bei yake utadhani unanunua kitanda chenyewe. Lakini nimetafuta mpaka nikapata: chumba safi, nusu ya bei, chai ya asubuhi ndani yake. Fuchu, mkoa wa Hiroshima.

Fuchu naijua. Nilipelekwa huko na kiwanda mwaka fulani kupeleka kanyagio za piano. Imeshikana na Hiroshima kama sikio na kichwa. Dakika kumi uko mjini. Watu hawaifikirii kwa sababu wanasikia Fuchu wanadhani ni ile ya Tokyo. Mimi nazijua zote.

Mama akauliza kwa nini iwe nusu ya bei. Nikasema kwa sababu watu hawatumii akili. Akasema rahisi huvunja upishi. Nikamwambia Fuchu ni Fuchu, akaniangalia kidogo, akaendelea kupiga pasi suti yangu.

Alhamisi, 20 Machi. Nagoya

Safari imeanza kwa ushindi. Hapa Nagoya, ukinunua kahawa asubuhi unapewa mkate wa siagi na yai juu yake, bure. Kila mtu anakula mara moja. Mimi nikajiuliza: nani kasema mara moja? Migahawa minne kabla ya saa nne. Mayai manne, mikate minne. Chakula cha mchana na cha jioni nikawa nimeshavimaliza.

Sikuwa nimefikiria zile kahawa nne.

Mikono ilianza kutetemeka kwenye geti la stesheni. Moyo ukawa unakimbia peke yake. Ratiba niliiona inacheza. Nikapanda treni kwa kujiamini kabisa kwenda kutafuta hewa nje ya mji, na baada ya nusu saa nikaona milima ninayoijua. Nikafurahi kuijua. Halafu nikajiuliza naijuaje. Nilikuwa narudi kwetu Hamamatsu.

Nilishuka Okazaki, nikarudi. Nimelala chali hotelini, macho yamegoma kufumba. Tiketi lakini imetumika vizuri: nimepita njia ileile mara tatu kwa bei ya moja.

Ijumaa, 21 Machi. Kyoto

Nilikuja na daftari langu la ujana lenye anwani zote za bei nafuu. Mgahawa wa tambi wa mama mmoja karibu na daraja: sasa wanauza aiskrimu yenye karatasi ya dhahabu juu. Nyumba ya wageni: ni maegesho. Basi namba niliyoandika: dereva aliiangalia namba, akaniangalia mimi, akauliza kama nimetoka hospitali. Nikazunguka kwa miguu saa tano nzima nikitafuta Kyoto yangu na sikuipata. Nimelala Kusatsu, nje ya mji, jirani na kiwanda.

Chinatsu katuma ujumbe. Baba, tiketi umeshapata? Nimejibu usijali mwanangu, tiketi ninayo mfukoni. Si uongo.

Akatuma na picha ya kimono atakayovaa Jumapili, kaivaa kujaribu. Rangi ya majani machanga. Nimeitazama muda mrefu. Ana paji la uso la marehemu mama yangu, na anasimama kama yeye, mguu mmoja mbele. Nimemwonyesha mwenye duka la tambi nilipokula. Akaniuliza anaolewa lini, na mimi nikamwonyesha picha tena. Nitawahi. Hata iweje, nitawahi.

Jumamosi, 22 Machi. Hiroshima

Nimefika. Naandika nikiwa nimekaa kitandani na chai yangu, usiku wa kuamkia siku yenyewe, wakati Teruyoshi bado anakoroma Hamamatsu.

Njia haikuwa nyepesi. Baada ya Himeji nililala, nikakosa stesheni ya kubadilisha, nikaamshwa na mfagiaji mwisho wa safari ya treni ile, Banshu-Ako. Mfagiaji akasema kila wiki anaamsha watatu wa tiketi yangu. Nikazunguka kwa njia ya pwani hadi Okayama, nikaendelea.

Sasa, Fukuyama. Treni imesimama, nachungulia nje, nasikia kipaza sauti: treni ya Fuchu, jukwaa la nane. Nilichanganyikiwa. Kwa hesabu yangu Hiroshima ilikuwa bado saa mbili mbele. Lakini Fuchu imeandikwa, Fuchu imetangazwa, na inachukua dakika hamsini tu. Nikaona basi wamefungua njia ya mkato nisiyoijua. Nikashuka mbio.

Kweli, dakika hamsini. Hoteli ipo, jina langu lipo kwenye kitabu, chumba safi. Mji lakini umebadilika sana tangu zile kanyagio. Milima imesogea karibu. Bahari siioni. Hapana kelele, hapana tramu, kuna mto na harufu ya miso, ile soya ya kuchachusha, na wazee wawili wanaotembeza mbwa mmoja. Nimejisemea Hiroshima imetulia mno. Labda ni wikiendi.

Sijamwambia Chinatsu kwamba nimefika. Nataka kesho anikute nimeshakaa mezani.

Jumapili, 23 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, maana kichwa bado kinazunguka.

Saa mbili na nusu nimeshavaa suti, nimekunywa chai mara mbili. Nikamuuliza mama mwenye hoteli tramu ya kwenda mjini inapita wapi. Akauliza mjini wapi. Nikasema mjini Hiroshima. Akaweka birika chini polepole. Akauliza, baba, wewe ulitaka Fuchu gani?

Nikasema ya Hiroshima. Akasema hata hii ni ya Hiroshima. Mkoa ni mmoja, Fuchu ni mbili. Moja ni mji mdogo ubavuni mwa Hiroshima yenyewe. Nyingine ni hii hapa, bara, na kutoka hapa kwa treni za kawaida ningefika Hiroshima saa sita imeshapita. Akasema nisione aibu, kila mwaka wanapata wawili watatu, wengi wao mawakala wa bima.

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka niliona viti vinakunjwa.

Yule mama alinipakia kwenye kigari chake akanipeleka stesheni na aproni bado kaivaa. Fukuyama nilifika saa nne kasoro kumi. Mbele yangu mageti mawili. Kushoto treni za polepole, tiketi yangu inakubali. Kulia mwendokasi, tiketi yangu haifai kitu. Mkono uligoma kutoa pochi. Nasema kweli, uligoma, nikauvuta kwa ule mwingine. Nikafikiria lile paji la uso. Nikalipa. Sitaandika kiasi gani.

Nikapanda, nikasimama mlangoni, nahema. Mlango wa choo ukafunguka. Akatoka Teruyoshi.

Alinitazama juu mpaka chini. Akasema, mwee, shemeji, treni za polepole za siku hizi zina mbio kweli. Halafu akaenda kumwita dada yake kwa sauti ya behewa zima. Mama alikuja. Hakuuliza kitu. Alisema tu, Baba, umekosea kifungo, akanifungua koti na kunifunga upya mbele za watu, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu kule Nagoya. Kumbe alikuwa hajalala usiku kucha akihofia nitafika viti vikikunjwa. Nikaona haya.

Hiroshima. Tunatoka geti la mwendokasi, watatu, na Chinatsu amesimama pale na kimono yake na kijana wake. Aliniona. Akaweka mkono mdomoni. Akasema, Baba, umepanda ya mwendokasi. Akasema alishamwambia Ryosuke asiningojee, kwamba baba yake ni mtu mzuri ila hafiki. Kisha akanishika mkono wa koti, kama alivyokuwa akinishika barabarani akiwa darasa la kwanza, na hakuuachia mpaka hotelini.

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua kinywa kabisa. Teruyoshi naye akafungua chake. Mama akamkanyaga mguu, vyote viwili vikafungwa.

Saa tano na dakika tano Bibi Okinaka aligonga meza kwa kidole, akasema sasa na tufungue. Ikafunguliwa. Wamekubaliana. Bibi akasema, mbele ya wote, kwamba binti ambaye baba yake huja kwa njia iliyonyooka ana bahati. Niliinama chini kuliko wote na nikakaa hukohuko, maana uso ulikuwa unaungua.

Jumanne, 25 Machi. Nyumbani

Jana nilirudi peke yangu kwa treni za polepole, siku ya tano ya tiketi, nisiitupe. Saa kumi na mbili na nusu njiani. Mtu anapata nafasi ya kufikiri.

Nimefikiri hivi. Mama na Teruyoshi walilipia mwendokasi njia nzima. Mimi nimelipia kutoka Fukuyama tu, dakika ishirini na nne. Na nani alishikwa mkono wa koti? Mimi. Kumbe binti haangalii ulikotoka, anaangalia geti unalotokea. Watu hawajaligundua hili. Harusi ni Oktoba. Nitakwenda polepole mpaka Fukuyama, nilale, nitokee na mwendokasi asubuhi, mtu mzima, suti imenyooka.

Nilimweleza Mama wakati anakunja nguo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni, kwamba harusi ni hapahapa Hamamatsu. Wakwe ndio watakaokuja. Ukumbi uko nyuma ya kituo cha zimamoto, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka mlangoni kwetu. Na kwamba yalisemwa mezani, mbele yangu, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Nilinywa chai yote nimechanganyikiwa. Dakika kumi na mbili kwa miguu. Hapo mtu anatokea geti gani?

Halafu nikafungua ratiba. Ipo treni ya kawaida ya alfajiri kwenda Toyohashi. Ukishafika kule unageuza na mwendokasi ya kwanza, robo saa uko Hamamatsu, na unatoka getini kama mtu aliyetoka mbali. Chinatsu nitamwomba apite pale stesheni kidogo anisubiri, na shela lake.