Udongo wa Mama Haujafa

Kwa Bwana Mtaalamu wa Udongo,
Ofisi ya Mgodi Unaotarajiwa.

Bwana Mtaalamu mheshimiwa,

Shikamoo, kama umri wako unaidai. Kama hauidai, nirudishie. Mimi ni kitindamimba wa yule mama mwenye shamba la bondeni, kijana aliyekaa juu ya ukuta akikutazama ukifanya kazi, kama kazi ndilo jina lake. Shule niliiacha mwenyewe, haikunifukuza; tuliachana kwa heshima. Kwa hiyo ripoti mliyoibandika ukutani nimeisoma yote, hata kule ulikodhani hakuna atakayefika.

Umeandika kwamba shamba letu lina udongo wa asili wa kichanga, hudhurungi hafifu, usioshika, uliokufa. Na kwa kuwa umekufa, shimo la mgodi lianzie hapo. Bwana, shamba hilo ndilo chungu chetu. Likienda, tutapika ripoti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kichanga. Ulichota udongo kiganjani, ukauviringisha kama mtoto anayeumba nyoka, nyoka akakatika, ukaandika "kichanga". Hukutia maji ya kutosha! Chupa ulikuwa nayo, ukaona bora unywe. Udongo ukiwa na kiu utashikanaje? Hata wewe ukinyimwa maji utakatika.

2. Hudhurungi hafifu. Ulifungua kile kitabu chako cha rangi ukalinganisha, miwani ya jua ikiwa usoni. Kwa miwani ile hata maziwa ni hudhurungi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe uambiwe: vua.

3. Usioshika. Hili lilinichekesha hadi mbavu zikauma. Gari lenu lilizama mpaka tumboni, na mimi ndiye niliyekimbia kutafuta watu wa kulisukuma. Udongo usioshika uliwang'ang'ania kama kupe. Mngeuandika hivyo mkiwa bado mmo ndani?

4. Uliokufa. Vile vigingi vya miti mibichi mlivyopigilia kuonyesha mpaka wa mgodi vimechipua majani. Dada yangu anaanikia nguo. Kigingi chenye majani si kigingi tena, ni mti. Mti uliomo shambani ni wa mwenye shamba. Na mpaka uliogeuka miti hauzuii kitu. Kwa hesabu hiyo mgodi wenu hauna mpaka, na kisicho na mpaka hakipo.

5. Nimefika ofisini kwenu. Hapo mlangoni kuna ua lililolowa maji ya kumwagiliwa, nikaligusa: la plastiki. Wanaomwagilia plastiki ndio wanaotoa hukumu juu ya shamba la mama! Kama mnatafuta ardhi iliyokufa, inueni meza zenu mchimbe hapo hapo. Mtaenda kazini bila nauli.

Naomba basi uandike upya, kwa wino uleule, kwamba udongo wetu ni tifutifu, mweusi, mnono, na hauna mfano. Pingamizi zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Hili ni langu, na lina afya.

Msalimie dereva wako, mwambie matope ya shati yanatoka kwa limau. Wasalimie mkeo, watoto, na karani aliyenifungia dirisha usoni.

Ni mimi, kwa heshima yote iliyonibakia,
Kitindamimba wa Bondeni.

Tanbihi: Nilipomaliza nilimsomea mama kwa sauti ili ajivunie. Ameshika kichwa. Kumbe neno "umekufa" si lako, ni lake. Siku ile mlifuatana na Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyewaonyesha njia. Mama alipoona kamba ya kupimia akadhani mmekuja kumkatia shemeji yake nusu ya shamba, maana amelimezea mate tangu msibani. Basi, mimi nikiwa nimekimbilia wasukumaji, akawaapia kwamba udongo ulikufa zamani, hata magugu yanaususa. Wewe ukaandika, Baba Mdogo akakata tamaa akaenda zake.

Tatizo ni kwamba nilipokuwa nikisoma, Baba Mdogo alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Hoja zangu zote zimemkolea. Hivi sasa yuko bondeni, anapima kwa miguu.

Kwa hiyo naomba urekebishe ripoti hivi: udongo uwe mbaya kiasi cha kumkatisha tamaa mtu mmoja, lakini usiwe mbaya kiasi cha kuita mgodi. Mtaalamu kama wewe hashindwi.