Menifoldi ya Pikapu ya Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Pikapu inapiga mluzi kama birika. Fundi kafungua boneti, kasikiliza, kasema menifoldi imepasuka: lile bomba lenye vidole vinne linaloingiza hewa kwenye injini. Eti nitafute nyingine kama hiyo hiyo. Kama hiyo hiyo! Jumamosi baba mkwe anatoka hospitali, na pikapu hii ilikuwa yake. Aliinunua wakati mke wangu alipokuwa bado anatambaa. Shemeji, kaka wa mke wangu, ametangaza kwamba atamchukua yeye, kwa kuwa gari lake lina kiyoyozi. Tutaona. Nitafunga menifoldi kubwa, ya injini kubwa. Kile kilima cha kurudi nyumbani hakitatusikia tukipita.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeipata kwa muuza vyuma chakavu. Safi sana. Haiingii. Matundu yake na ya injini hayajuani hata kwa salamu. Nimeitoboa mengine. Keekee imekatikia ndani. Fundi ameitazama, akauliza kwa upole kama mimi nayo tuligombana.

Alhamisi, 7 Agosti

Mke wangu amegundua ile menifoldi kubwa niliyoificha chini ya kitanda, kwa sababu shuka lake jeupe limeonja oili. Nilijiandaa kwa dhoruba. Akaketi sakafuni, akakiweka kile chuma mapajani, akasimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpeleka shule na kumwachia apige honi kila kona. Akafuta machozi kwa mkono wenye grisi. Kisha akanituma kwa fundi: menifoldi ya kawaida ipo, yeye mwenyewe alimwomba fundi aiweke pembeni tangu Jumatatu.

"Nakujua, mume wangu," alisema.

Imefungwa leo leo. Bolti za mwisho nilimwambia fundi aniachie. Kazi ya mkwe lazima ipite mikononi mwangu. Nikazizungusha kwa vidole, nikaitwa kula.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba mkwe amekonda, sasa koti ndilo linalomvaa. Magari mawili yalimsubiri mlangoni. Akaipapasa pikapu ubavuni, akapanda. Ushindi! Katikati ya kilima, mluzi. Halafu kimya. Zile bolti. Nilitaka kushuka nijifiche ndani ya boneti. Mzee akanishika mkono.

"Kaa, mwanangu. Huyo mwingine angenifikisha haraka. Nina haraka ya nini?"

Tukakaa. Akapiga honi mara moja, basi tu.

Shemeji, aliyekuwa ametupita, akageuza, akafunga kamba. Nilisubiri kejeli. Haikuja. Alimwomba baba yake ahamie kwenye kiyoyozi, mzee akakataa. Basi akatuvuta polepole, akikwepa kila shimo, macho kwenye kioo akimtazama baba yake njia nzima. Nilijaribu kumchukia. Nimeshindwa.

Jumapili, 10 Agosti

Bolti zimekazwa, kwa spana. Injini inakoroma kama paka aliyeshiba. Mke wangu anaimba jikoni. Nimemwapia kwamba sigusi tena kitu, nimekoma.

Ila yule muuza vyuma ana giaboksi ya lori. Nilimnong'oneza baba mkwe tu, kumchangamsha. Ameshavaa viatu. Binti yake tumemwambia tunakwenda kunyoosha miguu.