Kabati la Staha

Tangazo lilitoka Jumatatu asubuhi, likiwa na mihuri miwili na saini tatu: Kamati ya Uteuzi, Uidhinishaji na Matunzo Endelevu ya Taulo za Kike za Kufua imeundwa rasmi. Ilikuwa na wajumbe saba. Wote walikuwa wanaume, ili kuepusha mgongano wa maslahi.

Shule zote ziliagizwa kusimamisha matumizi ya taulo hizo mpaka mwongozo utoke. Agizo lilitekelezwa siku hiyohiyo, jambo ambalo maagizo hayajalizoea. Jioni simu ya fundi cherehani aliyezishona ikalia. Alikuwa binti wa dada yake, anayesoma bweni.

"Mama mdogo, mlezi amezianua zote kwenye kamba. Zangu na za wenzangu. Anasema anasubiri mwongozo."

"Mtihani lini?"

"Jumanne ijayo. Na siku zangu zinaangukia Jumatatu."

"Mtihani utafanya, mwanangu. Acha niende kwa hao wazee."

Fundi alikuwa mtu wa sala. Alisali kabla ya kutia uzi kwenye sindano, na uzi ukikataa alisali tena. Kesho yake alisali mara mbili, akachukua mfuko wa taulo mpya, akaenda.

Chumba cha Kamati kilikuwa na zulia nene, madirisha yasiyofunguka na kabati moja la chuma. Mwenyekiti alikuwa mtu mpana, aliyekohoa kabla ya kila sentensi ili sentensi ipate nafasi.

"Fundi, ieleze Kamati kifaa hiki kinafanyaje kazi. Kwa lugha ya staha."

"Ni kitambaa, mheshimiwa. Upande wa ngozi ni pamba laini. Katikati ni flana, tabaka tatu, ndiyo inayonyonya. Chini kuna kitambaa kisichopitisha maji. Mabawa haya unayakunja chini ya chupi, unabana kifungo."

Neno chupi liliingia kwenye muhtasari kama "miundombinu ya ndani".

"Na mtumiaji anachaguaje?"

"Anajijua anavyotoka. Siku nzito, nene. Siku nyepesi, nyembamba. Ya kulalia iwe ndefu upande wa nyuma."

"Ndefu kiasi gani?" aliuliza mjumbe wa Mipango, kalamu mkononi.

"Inategemea mwenye nyuma, mzee."

Karani, mwanamke pekee aliyeajiriwa na Kamati, aliinamia kompyuta yake mabega yakimtikisika.

Fundi akaendelea. "Ukishaitoa, loweka kwenye maji baridi. Ya moto yanagandisha doa. Fua kwa sabuni ya kawaida, suuza mpaka maji yawe safi, kisha anika juani mpaka ikauke kabisa."

Mjumbe wa Maadili, aliyekuwa amesinzia, akaamka. "Juani? Wapita njia waone?"

"Wataona kitambaa, mzee."

"Wataona, halafu watafikiri."

Kamati ilikubaliana kwamba kufikiri kwa wapita njia ni hatari. Dakika kumi baadaye ibara ya nne ilikuwa imepita: taulo zote zitakaushwa ndani ya kabati, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

"Zitaota ukungu," alisema fundi. "Zitanuka, na watoto watapata muwasho."

"Hilo ni dai. Kamati haiongozwi na madai, inaongozwa na majaribio."

Taulo saba zililoweshwa, moja kwa kila mjumbe. Karani ndiye aliyezifua, kwa kuwa wajumbe walikuwa kwenye chai. Zikaingizwa kabatini zikiwa zinatiririka, zikae humo mpaka Jumatatu, siku ambayo Katibu Mkuu angekuja kuzindua mwongozo.

"Jumanne watoto wana mtihani," alisema fundi.

"Na sisi wiki nzima tunahangaika kwa ajili yao," alijibu Mwenyekiti, kwa uchungu wa kweli.

Kisha akapata wazo kubwa zaidi. Ili kuthibitisha kwamba kabati ni mahali pa heshima, kila mjumbe ataweka humo suti yake ya uzinduzi. Wajumbe wakapiga makofi.

Nje, kwenye ukumbi, karani alimshika fundi mkono. "Pole, dada. Umesema kadiri ulivyoweza."

Fundi alifumba macho palepale, kando ya ndoo ya kudekia. "Ee Mungu, siwaombei mabaya. Wape pua tu."

"Amina," alisema karani.

Jumatatu wajumbe walivaa suti zao, kwa kuwa ratiba ilisema watavaa. Zilikuwa na madoa ya kijani yaliyokaa kama ramani. Kila mjumbe, kwa adabu, alidhani anayenuka ni jirani yake. Katibu Mkuu, mama mfupi mwenye haraka, aliingia hatua mbili akasimama.

"Nani amekufa humu?"

"Hakuna, mheshimiwa," alisema Mwenyekiti. "Ni mwongozo."

Katibu Mkuu alisoma ibara ya nne, leso puani. Akatazama kabati. Akatazama suti.

"Vueni."

"Mheshimiwa?"

"Vueni. Humu ndani nani anajua kufua?"

Wanaume saba walimgeukia fundi, aliyekuwa amealikwa kupiga makofi. Fundi akaomba maji baridi, sabuni na kamba. Karani akaifunga kamba kutoka getini hadi kwenye mlingoti wa bendera. Saa nne na nusu, wajumbe saba wenye fulana na taulo za kuogea kiunoni walikuwa wameinamia mabeseni, na mtaa mzima umesimama uzioni.

"Fundi," alinong'ona Mwenyekiti, "haziwezi kukaukia nyuma ya jengo?"

"Nyuma hakuna jua, mzee. Suuza tena hiyo mikono ya koti."

Katibu Mkuu alisogea. "Mwenyekiti, kaa na wenzako sasa hivi mfute ibara ya nne."

Mwenyekiti alikohoa. Hata pale, povu likimfika kwenye viwiko, kanuni ilikuwa kanuni. "Haiwezekani, mheshimiwa. Kifungu cha pili cha kanuni zetu: mjumbe hukaa kikaoni akiwa na suti. Bila suti hakuna Kamati."

"Kwa hiyo hivi sasa hakuna Kamati?"

"Hivi sasa, kwa mujibu wa kanuni, haipo."

"Haya. Karani, piga simu shuleni. Mlezi awarudishie watoto taulo zao kabla ya chakula cha mchana, na kamba ibaki juani. Barua nitasaini mwenyewe."

Mwenyekiti alielewa polepole, kisha akaelewa ghafla. Alikimbilia kwenye kamba, akalivuta koti lake na kuingiza mkono mmoja, maji yakimchuruzikia viatuni.

Fundi alimvua taratibu, akalikung'uta koti na kulirudisha kambani.

"Bado bichi, mzee," alimwambia. "Ukilivaa hivi litakuwasha."