Naibu Meneja wa Majini na Taa Yake

Kwa niaba ya Ofisi ya Kanda ya Vibali vya Mitambo Midogo, Sumbawanga, napenda kuutangazia umma kwamba suala la mwanga wa tangi letu la samaki limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimea imestawi. Samaki ana afya. Hayo mengine, ambayo mjini yanasimuliwa kwa vicheko, nitayaeleza kwa utulivu, maana mimi ndiye Afisa Utaratibu na nilikuwepo.

Tangi lenyewe ni dogo, mtu mmoja analibeba. Meneja wetu, Bwana Tuntufye, aliliagiza baada ya kuona la namna hiyo kwenye hoteli moja Mbeya. Alisema mwananchi anayesubiri huku akitazama samaki hatambui kwamba anasubiri. Samaki aliletwa kwa ndoo kutoka Wampembe. Mimea ilitoka dukani, ndani ya boksi lenye maelezo: taa nyeupe ya wastani, muda wa saa nane kwa siku, tangi lisikae juani.

Alex, karani wetu, aliyasoma kwa sauti. "Si tununue taa tuweke? Kazi imeisha."

Ni kijana mzuri, ila hajakaa ofisini muda mrefu. Kwetu mwanga hautolewi kwa kuhitaji. Hutolewa kwa cheo. Meneja ana tyubu mbili nyeupe za siku nzima. Wakuu wa vitengo wana tyubu moja moja, mwisho adhuhuri. Makarani wana dirisha. Mlinzi, mzee Leonardi, ana balbu ya njano kibandani kwake. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya Kamati ya Mwanga, iliyokuwa chini ya uenyekiti wangu, halikuwa mimea inahitaji nini. Lilikuwa samaki ni nani.

Tulianza kwa kumpa daraja la karani, tukamweka dirishani. Huku juu Ufipa upepo ni baridi lakini jua halina mzaha. Haikupita muda vioo vikaota utando wa kijani, maji yakawa kama yaliyochemshiwa mboga, na samaki akawa anaonekana kwa kubahatisha. Kamati ikaona amepandishwa haraka mno. Tukamshusha daraja la mlinzi, chini ya balbu ya njano. Utando ukakoma, lakini majani nayo yakawa ya njano, yakaanza kuoza kutoka shinani.

"Boksi lilisema," Alex akanong'ona.

"Boksi si mtumishi," nikamjibu.

Wakati wote huo kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi la mapokezi, Fransiska wa Malangali, aliyeomba kibali cha mashine ya kusaga. Mashine ilishafungwa, imefunikwa turubai, na mahindi mapya yalikuwa yanaingia kutoka mashambani.

"Baba Afisa, msimu unanipita," aliniambia. "Watu wanabeba mahindi na ulezi wanakwenda kusaga Chanji. Wakishazoea huko hawarudi. Mashine yangu itabaki kiota cha kuku."

"Meneja yuko kwenye kikao, mama."

"Kikao cha nini?"

"Cha taa ya samaki."

Akaligeukia tangi. "Kumbe na huyu anaomba kibali?"

"Anaomba mwanga."

"Haya. Basi tukae wote."

Mwishowe kamati ilikubali lililo wazi: taa nyeupe ya siku nzima ni stahili ya uongozi wa juu. Nafasi ya Naibu Meneja ilikuwa wazi, na Meneja hakupenda kumwona binadamu yeyote ndani yake. Alisaini uteuzi akitabasamu. Samaki akawa Naibu Meneja, na taa ikafungwa siku hiyohiyo.

Matokeo yalionekana. Majani mapya yakachipua, maji yakabaki maangavu. Asubuhi moja mzee Leonardi alivua kofia akainama mbele ya kioo. "Shikamoo, bosi." Naibu hakuitika. Alimpa mgongo akaenda zake.

"Huyu kweli kiongozi," akasema mzee.

Kisha Meneja akasafiri kwenda kwenye semina ya kuharakisha huduma kwa wananchi. Kanuni yetu ni kwamba Meneja akisafiri, Naibu hukaimu. Sikuona mahali pa kuikwepa. Nilijiuliza kwa makini kama kaimu wa namna hii anaweza kuidhinisha vibali, nikakumbuka jinsi Meneja mwenyewe anavyoendesha vikao. Huuliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Sisi hunyamaza. Husema, "Basi, limepita." Hivyo ndivyo tulivyopitisha kila jambo pale, pamoja na tangi. Ikiwa kunyamaza kwetu ni kukubali, sikupata sababu ya kunyamaza kwa Naibu kuhesabiwa vingine.

Nikaanza kusoma maombi mbele ya kioo. "Kuna pingamizi, mheshimiwa?" Nikasubiri kwa heshima. Nikagonga muhuri. Benchi likaanza kupungua. Mtu wa mashine ya kukamua alizeti alitoka akicheka peke yake. Vijana wa mashine ya kuranda mbao walimpungia Naibu mkono. "Mshikaji hana longolongo," wakasema.

Fransiska alikuwa amefikiwa pale Meneja alipoingia, begi la semina begani.

"Nani ameruhusu hii mihuri?"

"Kaimu, mheshimiwa."

"Kaimu yupi?"

Nikamwonyesha kwa mkono mzima, maana si adabu kumwonyesha kiongozi kwa kidole.

Shingo ya Meneja ilivimba. "Nafuta vyote! Na hakuna kingine kinachotoka. Wewe mama, nyumbani!"

Fransiska hakuinuka. Aliukumbatia mkoba wake magotini.

"Mheshimiwa," nikasema taratibu, "hujakabidhiwa ofisi. Mpaka anayekaimu akukabidhi, huna cha kufuta."

"Anikabidhi samaki?"

"Naibu. Sahihi kwenye uteuzi ni yako."

"Basi anikabidhi sasa hivi!" Akalifuata tangi. Fransiska akamsemesha kwa sauti ndogo.

"Baba, foleni inaanzia kule."

"Unajua mimi ni nani?"

"Uko nyuma yangu."

Benchi zima likacheka. "Panga mstari, bosi!" mtu akapaza sauti. Meneja alitazama mlango, akatazama watu, akakaa. Mguu mmoja wa benchi lile ni mfupi. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anajua.

Nikasoma ombi la Fransiska. "Kuna pingamizi, mheshimiwa?"

"Napinga!" akasema Meneja.

"Hujaulizwa wewe," wakamwambia.

Naibu alikuwa katikati ya tangi, chini ya taa, akifumbua mdomo na kuufumba. Tulisubiri. Fransiska alikuwa amefumba macho. Hapakusikika neno. Nikagonga muhuri. Alikipokea kibali kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo mbele ya kioo, akatoka nusu akikimbia, na kanga yake nyingine ikabaki benchini.

Zamu ya Meneja ikafika. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Naomba kukabidhiwa ofisi yangu."

Naibu alimtazama. Kisha akageuka, akapepea mkia, akaingia katikati ya mimea, ambayo kwa mwanga wa kutosha ilikuwa imesongamana kiasi kwamba hakuonekana tena.

"Amekwenda wapi?" Meneja akauliza.

"Ametoka kidogo," akajibu mzee Leonardi kutoka mlangoni, kwa upole uleule anaowajibia watu wote wanaoulizia wakubwa. "Hayuko mbali, bosi. Si unaona taa yake inawaka?"