Kaimu Mkuu wa Lugha za Watu

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku mbaya. Mkuu wa Kitivo ametuita chumba cha mikutano na kutangaza kwamba Jumatatu ijayo atapita madarasani mwenyewe, asubuhi, bila kupiga hodi. Lugha atakayoikuta haina wanafunzi kumi, anaifunga. Kisha akanitazama mimi na kuongeza kwamba siku hiyohiyo ataamua nani awe mkuu kamili wa Idara ya Lugha za Kigeni. Asiye na darasa asahau.

Mimi nakaimu ukuu huo mwaka wa nne sasa. Nafundisha Kireno. Nina wanafunzi watatu, na mmoja wao aliingia kwa kukosea mlango, akaona haya kutoka.

Hapa kwetu kila mwalimu huitwa kwa lugha yake. Anayefundisha Kijerumani ni Mjerumani, ingawa nyumba ya kwao na ya kwetu zilipakana ukuta. Mfaransa ni mzee wetu, anangoja kustaafu. Mchina ni kijana anayemchumbia binti wa Mfaransa, kwa hiyo vikaoni hana kauli. Mimi naitwa Kaimu. Hakuna aliyewahi kuniita Mreno. Nimelitafakari jambo hilo na silipendi.

Mkuu wa Kitivo alipokuwa anazungumza, Mjerumani alicheka kwa pembe ya mdomo. Nilimwona.

Jumanne, 7 Oktoba

Joto la kupikia. Ghorofani petu chumba chenye feni inayozunguka ni kimoja tu, cha Kijerumani. Nimetumia mamlaka yangu. Nimebandika tangazo kwamba kuanzia leo feni ni ya Kireno.

Saa nne chumba kikajaa. Watu hadi madirishani! Machozi yalinilenga. Nikaanza na salamu. Binti wa mstari wa mbele akainua mkono na kuniomba, kwa adabu sana, nipunguze sauti kwa sababu wenzake wamelala. Nikauliza wanasoma nini. Uhasibu, akasema. Wanangoja kipindi cha mchana.

Mjerumani kahamishia darasa lake kwenye ngazi za nyuma, penye kivuli. Waliokuwa wanapita wakasimama, wengine wakakaa. Nilipochungulia, walikuwa wanaimba.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwomba mama watoto aje Jumatatu akae darasani kama mwanafunzi. Amesema ameshanisikiliza tangu tuoane bila kupewa cheti, inatosha. Nikamweleza kwamba nikiukosa ukuu nitarudi kwenye ile ofisi ya watu sita na kabati moja. Akasema basi nirudi, nitapata watu wa kuongea nao. Kisha, huku anakunja nguo, akauliza kwa nini nisiwaombe wenzangu tu wanisaidie. Mawazo ya mtu asiyejua uongozi.

Naandika ukweli hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu: naogopa. Baba mkwe ameshawaambia majirani zake wote kwamba mkwewe ni mkuu wa idara. Neno kaimu hakulitaja. Nami sikumsahihisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata wazo kubwa, na ni langu mwenyewe. Nitawaomba wenzangu wanisaidie.

Kikao, mlango umefungwa. Kumbe hata wao hali ni mbaya. Mfaransa ana sita. Mjerumani, pamoja na kuimba kote kule, ana wanane. Waliobaki walifuata kivuli. Mchina peke yake ndiye mwenye darasa la kujaa. Nikawakumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Tukakubaliana: darasa lolote atakaloanza nalo Mkuu wa Kitivo, sote tuingie humo na wanafunzi wetu, tukae kimya, tushike kalamu. Akitoka, tunapita ngazi za nyuma kumtangulia darasa linalofuata. Miwani yake ni ya kusomea, watu hawaoni vizuri. Mfaransa aliuliza kuhusu zile ngazi na magoti yake. Nikasema hilo ni suala la utekelezaji.

Mchina hakuwa na haja ya msaada wowote, lakini baba mkwe wake mtarajiwa alimtazama, naye akakubali.

Mwishoni Mjerumani alinipa mkono na kusema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Nilijisikia vizuri sana. Njiani kurudi nyumbani nikaanza kufikiri. Madarasa manne yakijaa sawasawa, mimi nitaonekana kwa lipi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi nimemwendea Mkuu wa Kitivo nikamshauri aanze na Kijerumani, kisha Kifaransa, kisha Kichina, amalizie kwangu kwenye feni, apumzike. Kashukuru kwa kumjali. Mchana nikawanong'oneza wenzangu kwamba nimechungulia mambo, ataanza na Kireno. Mfaransa kaniita mwanangu.

Mama watoto ameuliza mbona nacheka peke yangu jikoni. Nimemwambia ni uongozi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Idara nzima chumbani mwangu! Mjerumani mstari wa mbele, ameleta hata daftari jipya. Mfaransa chini ya feni. Mchina na kundi lake wamesimama nyuma kwa kukosa viti. Nikafundisha siku za wiki, mara mbili. Wakawa wanaitikia kwa moyo. Nikasahau kwamba ni uongo.

Mkuu wa Kitivo akaingia. Ametoka kupita vyumba vitatu na amekuta viti vitupu. Akawaona walimu wenye vyumba hivyo wamekaa kwangu, akauliza wanafanya nini.

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Atakayesema kweli amekiri kwamba alikuja kudanganya. Mjerumani akageuka taratibu akanitazama, nikajua ameelewa. Mfaransa akasema anajifunza Kireno. Akaulizwa tangu lini. Akasema tangu asubuhi. Mchina akasema yeye amemsindikiza baba.

Mkuu wa Kitivo akatikisa kichwa. Akasema hajapata kuona lugha yenye uhai kama Kireno, hadi walimu wa lugha nyingine wamezikimbia zao. Basi zifungwe. Kireno kibaki, na mimi ni mkuu kamili kuanzia kesho.

Nilifungua mdomo. Kweli niliufungua, nikataka kusema kwamba hawa walikuja kunisaidia. Mfaransa alikuwa ananitazama akitumaini. Nikasema ahsante.

Nimewaonea huruma, hasa mzee. Lakini baba mkwe nilikuwa nimeshampigia simu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mkuu kamili. Nimeitisha kikao cha idara saa tatu. Nimehudhuria mimi. Nimefungua kikao, nimesisitiza suala la kuwahi kazini, nimefunga.

Mfaransa kapelekwa maktaba. Mjerumani kapelekwa ofisi ya Mkuu wa Kitivo, kupanga ratiba. Mchina amepata kazi chuo cha jirani na wanafunzi wake wamemfuata. Darasani kwangu wamekuja wahasibu. Niliongea kwa sauti ya chini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeitwa. Mjerumani, akiwa anapanga ratiba, ameona kwamba kwa kanuni za chuo idara ni walimu wasiopungua watatu. Chini ya hapo si idara, na kisicho idara hakina mkuu. Mkuu wa Kitivo amesikitika sana. Kireno kinahamishiwa Idara ya Takwimu kwa sababu wao wana nafasi ya meza moja.

Nilipokuwa natoka, Mjerumani akasema, macho yake dirishani, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui alikuwa anamsema nani.

Baba mkwe kapiga simu. Jumapili analeta majirani waje kuiona ofisi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimehamia Takwimu. Meza yangu iko kati ya kabati na sinki la kunawia mikono. Watu wakarimu kupita kiasi. Mkuu wao, mama mtu mzima, amenisogezea kiti kwa mikono yake na kuniambia nijisikie nyumbani. Naibu wake ameniletea chai. Wamefanya kazi pamoja tangu ujana na hawajawahi kugombana hata siku moja. Mimi hesabu sijui, lakini uongozi si hesabu.

Kabla ya mchana nimemdokeza naibu, kwa nia njema tu, kwamba mkuu wake ana mashaka naye. Baada ya mchana nimemdokeza mkuu kwamba naibu ana haraka na kiti. Jioni kila mmoja alikunywa chai peke yake.

Baba mkwe nimemwomba asije Jumapili hii, aje mwezi ujao, kwa sababu ofisi inapakwa rangi. Kisha nikapita kwa mkuu wa Takwimu kumtakia wikiendi njema, nikazitazama vizuri kuta zake. Ni za krimu, zimechoka. Nitataka buluu.