Mgeni Niliyemlisha Ghorofani

Leo nimeuaibisha ukoo wetu wote, na ukoo wetu si mdogo. Naandika saa hizi wenzangu wamelala, na vidole vyangu bado vinanuka mgebuka. Huyo samaki mwenyewe sikumla.

Nianzie jioni.

Dada yangu Yustina ameposwa. Anayemtaka ni Festo, fundi umeme wa Kibondo. Barua ya posa ililetwa na mshenga siku nyingi, na kesho ndiyo siku ya kutoa jibu. Anayekuja kulipokea ni baba mkubwa wake Festo, Mzee Ntakije. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwona. Basi lake lilitegemewa kufika hapa Kasulu saa kumi na mbili, likapata pancha njiani, ikawa saa tatu usiku.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Bibi yetu ana sheria zake. Anasema mzee wa upande wa muoaji hali kwa watu anaowaposea mpaka apewe jibu. Akila kabla, ni kama mmeshakubali huku mnatafuna. Lakini mtu ametoka Kibondo na baridi hii, alale njaa? Mama na Bibi walibishana mpaka wakafika mahali: alishwe Ghorofani, kisha alale gesti ya pale jirani. Na ampokee mtoto, kwa sababu mtoto hahesabiki. (Mtoto ndiye mimi. Nina miaka kumi na sita na ndevu tatu.)

Ghorofani ni lile jengo la zamani la maduka karibu na stendi. Linaitwa hivyo kwa kuwa wazee wanasema ndilo lililotangulia kupanda juu hapa mjini, ingawa siku hizi ukiliangalia ni kama limechuchumaa. Mchana ni vitenge, misumari na fotokopi. Maduka yakishafungwa, wapishi wanatandaza majiko barazani, kila mmoja na benchi lake. Mpaka saa sita usiku unapata ugali wa muhogo, maharage, kisamvu cha mawese na migebuka ya kukaanga. Madereva, walinzi, waliochelewa basi, wote wanakula hapo.

Kabla sijatoka, Yustina alinipigia pasi shati. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu nizaliwe.

"Eliya," akaniambia, "huyo mzee akienda kulala na kinyongo, mimi ndiyo basi tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na usikae kimya kama unavyokaaga. Mwongeleshe. Mgeni akinyamaziwa anaona hatakiwi."

Mama akamalizia maelekezo: ni mzee, ana koti la kahawia, ana kofia, simu yake imeisha chaji. Basi. (Mnaonifahamu mnajua mimi na kuongea. Mwalimu akiniuliza swali huwa naangalia dirishani mpaka amuulize mwingine.)

Nikafika Ghorofani. Kwenye benchi la Mama Jeni, ambaye ndiye Mama anayemwamini kwa samaki, walikuwapo wazee wawili. Mmoja kavaa koti la kahawia na kofia, begi liko miguuni. Mwingine yuko mwisho kabisa wa benchi, karibu na jiko, kavaa sweta la bluu, anakunywa chai ya rangi taratibu kama hataki iishe.

Nikamwendea wa koti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umetoka Kibondo?"

"Nimetoka Kibondo."

"Nimetumwa nikupokee."

"Eeh, afadhali. Nilishaanza kuona nimesahaulika."

Sasa nyie semeni, hapo kosa langu liko wapi?

Tukasalimiana. Salamu yetu Waha si ya kupungiana mkono. Nilimshika mikono yote miwili, nikamuuliza nyumba, watoto, mbuzi, migomba, mvua. Akajibu kimoja kimoja, kisha naye akaniuliza vyangu. Ilichukua kama dakika tano, na katika dakika zote hizo hatukugusa kitu kimoja tu: jina. Mtoto hamuulizi mzee jina lake. Ni kama kumwambia hajulikani. Unangoja litokee lenyewe kwenye mazungumzo.

Nikachukua birika na beseni, nikamnawisha. Mama Jeni alikuwa amebakiza mgebuka mmoja, mkubwa, mnene kama mkono wangu (mkono wa mtu mwingine, wangu ni mwembamba).

"Huyo kuna mtu nimemuwekea," akasema.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Mama Jeni, huyu ni mkwe wetu."

"Mkwe? Basi huyo mtu atakula maharage."

Mzee akaletewa samaki, ugali na kisamvu. Akasali, akaanza. Alikula vizuri, bila haraka. Mimi nikakaa mkabala naye kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kimya. Nikamkumbuka dada yangu na pasi.

Nikaanza kuongea. Sisi wenye aibu tuna ugonjwa mmoja: tukishaanza, hatujui pa kukomea. Nilimsifia Yustina kwamba anashona, anaamka mapema, hana maneno na majirani. Mzee akaitikia, "Mm." Nikasema Festo nyumbani tunampenda. "Mm. Vizuri." Nikasema hata Bibi anampenda, na Bibi hampendi mtu. "Mm."

Kimya kikarudi. Nikaona labda ana neno moyoni. Nikaona bora nimwombe radhi, ajue sisi ni watu wa kweli. (Mpaka sasa sijui nani alinituma.)

"Na utusamehe, baba, kwa kuchelewesha jibu. Ule msiba tuliosema tunao, hatukuwa nao. Mama alikuwa anataka muda amchunguze Festo kama ni mlevi."

Mzee akaacha kutafuna. "Aisee," akasema. Akaendelea kutafuna.

Mwisho wa benchi sauti ikatoka.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa?"

Ni yule wa sweta la bluu. Nikajua ni mzee mmoja wa wale wanaopenda habari za watu. Lakini mzee ni mzee, nikamjibu kwa adabu.

"Hapana, baba. Tulisema ni shangazi, ila shangazi ni mzima. Leo asubuhi alikuwa anapalilia."

"Na maharage ya rambirambi?"

"Tuliyala," nikasema. "Yalikuwa matamu sana."

Ndipo nikajiuliza huyu mtu habari za maharage amezitoa wapi. Kwa sababu yale maharage, debe zima, yaliletwa usiku kutoka Kibondo, na nje ya nyumba yetu hatukumwambia mtu.

Yule mzee akaweka kikombe chini.

"Niliyachambua mwenyewe," akasema. "Nilikuwa natoa mawe huku namwombea marehemu. Mimi ndiye Ntakije."

Koti lake la kahawia lilikuwa limekunjwa pembeni yake, na kofia juu yake. Alivua kwa sababu ya joto la jiko.

Nikamgeukia mzee wangu, ambaye sasa alikuwa kwenye mifupa. "Na wewe, baba?"

"Mimi nimeleta asali, mwanangu. Kuna mfanyabiashara alisema atatuma kijana wa kunipokea."

"Sasa mbona hukusema kitu, mimi naongea yote yale?"

"Umeninawisha mikono, umenipa samaki. Ningekukatizaje? Nilidhani kwenu ndivyo mnavyoongea na wageni."

Mama Jeni akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Mwuza asali akaisogeza sahani kwa Mzee Ntakije, taratibu sana. "Kichwa bado kipo," akasema.

Mzee Ntakije hakukiangalia. Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji, na shati langu la pasi. Sikuwa na mpango, miguu ndiyo iliamua.

"Baba, dada yangu usimhesabie. Yeye ule uongo hakuutaka. Siku yalipoletwa maharage alilia, akakataa kuyala. Sisi wengine ndio tuliokula."

Akakichukua kikombe, akamalizia chai yake. Kisha akauliza, "Huo uchunguzi wenu ulitoka na nini?"

"Hanywi, baba."

"Na nini tena?"

"Wanasema anakoroma."

"Hilo ni letu sote." Akajikuna kidevu. "Mwezi uliopita kuna mama alikuja kwenu kuuza mikeka."

Namkumbuka vizuri. Alikaa kutwa nzima. Hakuuza hata mkeka mmoja, na kila Mama alipokubali bei, yeye akapandisha.

"Ni mke wangu," akasema Mzee Ntakije.

Mwuza asali akasema "Aisee" kwa mara ya pili.

"Alirudi akasema dada yako alimpa kiti, akampa uji, na mvua ilipoanza akampa mwavuli, mtu asiyemjua. Mwavuli uko humu kwenye begi. Nimeambiwa niuache mlangoni kwenu bila kueleza." Akaniangalia. "Sasa inuka. Kesho mama yako asinitajie msiba, na mimi sitataja mikeka. Hapo tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

"Na sasa nina njaa."

Mama Jeni akakwangua alichobakiza, ugali wa mwisho na maharage ya chini ya sufuria. Nikamnawisha Mzee Ntakije, na maji mengine nikamwagia kwenye viatu vyake. Mwuza asali akafungua chupa yake, akamimina kidogo kwenye kisahani, wakawa wanakula na kuulizana habari za Kibondo, maana walikuwa wanatoka vijiji viwili vinavyoonana. Yule kijana wa mfanyabiashara hakutokea. Nikawapeleka gesti wote wawili.

Nyumbani nilikuta taa inawaka. Mama na Yustina walikuwa wamekaa mlangoni.

"Amekula?" Mama akauliza.

"Amekula."

"Samaki?"

"Maharage."

"Mkwe umempa maharage?"

"Ndiyo yaliyobaki, Mama. Kayala yote."

"Mliongea lakini?" akauliza Yustina.

"Tuliongea sana."

Akanikumbatia. Akasema hakujua kama nina moyo wa namna hiyo. Mama akaniambia nimeanza kuwa mtu mzima, na kwamba kesho wazee wakikaa, nami nitakaa nao badala ya kutumwa maji. Nikasema nimechoka, nikaingia ndani, na lile la msiba bado sijamwambia.

Sasa nyie mnaosoma hapa, mwenye ndugu Kibondo asiitume hii mbele. Na anayetaka kucheka acheke usiku huu huu amalize. Kesho saa nne tuna wageni, na mimi nimepewa kiti.