Malalamiko Kuhusu Mke Mwenza Aliyemo Kiooni

Shemeji yangu mpendwa, ambaye pia ni Mkurugenzi wa mume wangu,

Basi, kama nilivyokuwa nikikueleza juzi kwenye simu kabla hujaitwa mkutanoni, mwanamke huyo ni mzuri, sikatai. Ana macho yangu, ana pua yangu, hata kile kidoti cha juu ya mdomo anacho. Lakini hicho si kibali cha kungojewa na mume wangu kutwa nzima, ilhali mimi niliyefungwa naye ndoa siku kumi na saba zilizopita nimekaa upande wa pili wa meza hiyo hiyo, nimejipamba, na bado ni mpya.

Naandika kwa adabu zote. Nimeweka namba ili usichoke.

1. Fungate. Ulitupa siku saba kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya wajomba, na watu wakapiga vigelegele. Siku ya tatu ukapiga simu: duka la samani linataka programu ya kuonyesha chumba cha kulala kwenye skrini kubwa, na mle chumbani kuwe na meza ya kujirembea ambayo mteja akisimama mbele yake anajiona kiooni. Likizo ikakatika hapo hapo. Nadai siku zangu nne. Mume wangu hakulalamika kwa kuwa hajui kulalamika, na hilo ni moja kati ya mambo thelathini na sita ninayompendea. Orodha ninayo, ukiihitaji ofisini.

2. Sura yangu. Kwa alivyonieleza, programu inachukua video ya kamera wakati ule ule na kuibandika juu ya kioo cha kuchorwa, kama fundi anavyobandika karatasi ukutani, ila karatasi hii inapepesa macho. Mteja hayupo nyumbani kwetu, kwa hiyo kamera imewekwa juu ya rundo la vitabu na kunielekea mimi. Siku ya kwanza ya kazi nilitokea kichwa chini. Mume wangu akasema, kwa sauti ile ile aliyonichumbia nayo, "Usitikisike, mpenzi. Umetoka vizuri sana, ni kwamba umepinduka tu." Kumbe kamera huhesabu mistari ya picha kuanzia juu, na kioo chake huhesabu kuanzia chini. Siku ya pili nilikuwa wima lakini wa buluu, kwa sababu nyekundu na buluu zilibadilishana nafasi. Shemeji, bibi harusi hawi wa buluu. Siku ya tatu rangi ilirudi, ila picha ikaganda nikiwa katikati ya chafya, kwa kuwa programu ilibandika picha ya kwanza na kusahau kurudi kuchukua nyingine. Nilikaa kwenye chafya ile kwa muda wa saa tano. Yote matatu aliyarekebisha. Nayasema ili ujue nimeolewa na fundi wa namna gani.

3. Giza. Tangu siku ya nne kioo ni cheusi kama masizi. Leo ni siku ya kumi na moja ya giza hilo. Taa ndogo ya kijani kwenye kamera inawaka, kwa hiyo kamera ni nzima, ndivyo anavyosema, na kosa lazima liwe lake yeye. Ameandika programu upya mara tatu. Alidhani mwanga ni hafifu, tukahamishia meza dirishani. Alidhani ni nguo, nikavaa nyeupe. Nikaongeza na hereni za harusi, kwa hiari yangu. Bado giza. Jana nilimsikia akiinamia skrini na kuibembeleza: "Njoo basi. Njoo nikuone." Nami nipo mbele yake, nimekuja kitambo.

4. Haki. Nimelifikiria sana. Mwanamke anayengojewa na mume wangu kwa hamu kiasi hicho ni mke mwenza. Kwamba ni mimi mwenyewe hakupunguzi kitu, kunazidisha, maana hata kumsengenya siwezi bila kujitukana. Kwa hiyo naiomba kampuni iweke zamu: siku moja kwake, siku moja kwangu. Siku zake apike yeye. Hereni zangu asiziguse. Kama kampuni haiwezi, basi lishaurini duka liuze makabati ya vyombo, ambayo hayana kioo, na anayetaka kujiona akajione kwake.

5. Hofu. Hili nakuandikia kama shemeji, si kama Mkurugenzi. Ulisema kazi isipokamilika mwisho wa mwezi utampa mtu mwingine. Leo mdogo wako amepiga mswaki kwa krimu ya kunyolea na hakugundua. Hii ndiyo kazi ya kwanza anayoifanya mbele ya macho yangu, na anadhani namwona akishindwa. Mimi sioni hivyo hata kidogo, lakini nikimwambia anasema, "Subiri kidogo, mke wangu," na kurudi gizani.

Wasalimie watoto, mama mkwe, walinzi wa getini, na yule shangazi aliyelia harusini kuliko mimi.

Ndimi mke wa mdogo wako, yule wa nje ya kioo.

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua mama yangu alipopiga simu kuuliza mbona tangu asubuhi namwonyesha utosi tu, naandika nini? Shemeji, tangu siku ile ya nne, kila asubuhi mume wangu akiwa bafuni, huwa nampigia mama kwa video kupitia kompyuta ile ile, aione nyumba. Nikimaliza nazima sauti ili mume wangu asisumbuliwe, halafu naipunguza simu hiyo kwenye skrini hadi inapotea. Nilijua kuipunguza ndiyo kuifunga. Kumbe kamera huhudumia mmoja tu kwa wakati, na ilikuwa imeshikwa na mama, na kioo hakikubakiziwa kitu. Nimebonyeza kitufe chekundu cha kukata simu, na pale kiooni akatokea mwanamke, pamoja na hereni zake. Mume wangu amecheka hadi akakaa sakafuni. Kwa hiyo siku zile nne nilizokudai nimezila mwenyewe, na saba nyingine juu yake.

Mama ametutazama siku kumi na moja, hasikii neno. Anasema kila mume wangu akienda kuchota maji na kupita nyuma ya kiti changu, ananishika bega, na mimi sigeuki, nimekazana kutazama skrini yake. Sikujua, Shemeji. Futa malalamiko yote, isipokuwa lile la mwenzangu wa kiooni kupika. Kazi tutaileta kwako kabla ya mwezi huu kuisha, sote watatu.